Maji Ndani ya Bunduki

SEHEMU YA KWANZA

Mwaka ule ziwa lilirudi nyuma mpaka visiki vya miti iliyokufa zamani vikaonekana. Wavuvi waliozoea kusukuma mashua zao kutoka ukingoni sasa walizibeba mabegani, wakikanyaga tope lililokauka na kupasuka kama ukoko wa muthokoi. Umau, babu yetu, alikuwa akishuka hapo kila jioni, fimbo mkononi, na kutuonyesha: pale palikuwa na shamba, pale mti wa mikutano, pale njia ya kuteka maji. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981, na likijaa hufunika kilomita za mraba zipatazo 120. Sisi wajukuu hatukuwahi kuliona hilo shamba. Tulilijua kwa mdomo wa Umau tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumdai ushahidi.

Neno hilo, ushahidi, lililetwa na kaka yangu, mtoto wa mama mdogo. Alirudi kutoka Nairobi mwezi wa Septemba na begi lililojaa vitabu, akiwa amekonda, na Jumapili ya pili baada ya ibada, vijana tukipanga mabenchi, akasema polepole kwamba hana hakika kama Yesu aliwahi kuishi. Hakuwa akitafuta ugomvi. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba amepoteza kitu na amechoka kukitafuta peke yake.

Umau alikuwa amesimama mlangoni.

Umau ni mzee wa kanisa tangu sijazaliwa. Hakupandisha sauti. Alivaa kofia yake akatoka, na kwa siku tatu hakukaa meza moja na kaka. Susu, nyanya yetu, akawa anapakua mara mbili, sahani moja akipeleka chini ya mwembe na nyingine ndani. Siku ya nne mchungaji alikuja kwetu kwa bodaboda, akanywa chai, akasikiliza pande zote mbili, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa mimbari: kwamba swali likifukuzwa kanisani litapata mahali pengine pa kulala. Alitupa ukumbi wa kanisa kwa Jumamosi tatu. Mwamuzi angekuwa Mwalimu, aliyefundisha historia kwa miaka mingi na sasa amestaafu upande wa Kithyoko. Mimi, katibu wa vijana, niliambiwa niandike kila neno.

Ukumbi ulijaa kuliko siku ya mavuno. Walikuja hata wasiosali kwetu. Kaka ndiye aliyeanza.

"Yesu mwenyewe hakutuachia maandishi," alisema. "Wala hatuna maandishi ya mtu yeyote aliyeandika habari zake angali hai. Injili ya kwanza ni ya Marko, na wataalamu wengi wanaiweka karibu mwaka 70, yaani miaka kama 40 baada ya msalaba. Mathayo na Luka wanamfuata Marko, mahali pengi karibu neno kwa neno. Sasa mkiniletea mashahidi watatu mahakamani, na wawili wamenakili kwa mmoja, nina mashahidi wangapi?"

"Mmoja!" mtoto wa darasa la sita akajibu kutoka dirishani, na mamake akamvuta sikio.

Umau alisimama na Biblia yake ya Kikamba iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Umeanzia mbali, mjukuu wangu. Anza na Paulo. Katika barua yake kwa Wagalatia anasimulia kwamba alipanda Yerusalemu akakaa kwa Kefa siku 15, na kwamba alionana na Yakobo, nduguye Bwana. Mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa anakuwaje na ndugu wa kutembelewa?"

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Alieleza kwamba barua hiyo ni ya miaka ya 50 hivi, kwa hiyo kati yake na msalaba kuna miaka kama 20, umri wa kijana wa chuo. Wanahistoria, hata wasio waumini, karibu wote wanaikubali kuwa ya Paulo kweli. Halafu akawataja Warumi wawili ambao hawakuipenda dini hii hata kidogo. Plinio, gavana wa Bithinia, karibu mwaka 112 alimwandikia Kaisari Trajano akiomba mwongozo wa kuwahukumu Wakristo, watu waliokutana alfajiri wakimwimbia Kristo kama mungu. Naye Takito, karibu mwaka 116, aliandika kwamba Kristo aliuawa na Pontio Pilato, Tiberio akiwa Kaisari. "Na huyo Pilato," Mwalimu akaongeza, "jina lake lilipatikana limechongwa kwenye jiwe kule Kaisaria mwaka 1961. Kabla ya hapo tulimjua kwa vitabu na sarafu zisizo na jina lake."

Nilikuwa naandika mpaka vidole vinauma. Kaka hakuyumba.

"Jiwe linanionyesha Pilato. Sijamkana Pilato. Naye Takito alizaliwa zaidi ya miaka 20 baada ya msalaba. Alimwuliza nani? Pengine aliambiwa na Wakristo wenyewe."

"Pengine," Mwalimu alikubali. Nilimpenda kwa neno hilo moja. Mtu mwingine angetafuta njia ya kulikwepa. "Lakini nikukumbushe habari ya theluji. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alisema ameona theluji Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849 mwenzake Krapf, akiwa Kitui, akauona mlima ambao mfanyabiashara Kivoi alikuwa amemwambia habari zake, mlima uliolipa taifa letu jina, nao ulikuwa mweupe kileleni. Kule London, bwana mmoja aitwaye Cooley, bingwa wa ramani za Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alishikilia kwamba haiwezekani. Aliwapima mashahidi kwa kitu kimoja tu: anachodhani kinawezekana."

"Lakini mlima upo, Mwalimu." Sauti ya kaka ilishuka, na ukumbi mzima ukainama mbele kumsikiliza. "Von der Decken alikwenda Kilimanjaro akahakikisha. Thomson akaja akauona Mlima Kenya mwaka 1883. Mackinder akaupanda mwaka 1899. Asiyeamini leo aende Kirinyaga akatazame. Mimi nikatazame wapi? Mnanitaka niamini miaka 40 ya midomo. Haya. Nileteeni mtu mmoja wa hapa Masinga anayebeba habari ya kale kwa mdomo, habari ambayo pia imeandikwa mahali, tuzipime pamoja. Tuone mdomo unabeba nini na unamwaga nini."

Watu wakatazamana. Wazee wakakohoa. Kisha kutoka benchi la nyuma kabisa, walikokaa akina mama wenye vitenge, sauti nyembamba ikasema kwa Kikamba:

"Mzungu wa Kivoi alibeba maji ndani ya bunduki."

Alikuwa Susu.

Mwanzoni vijana walicheka, wakidhani ni mafumbo ya kizee. Mwalimu hakucheka. Alivuta begi lake taratibu, akatoa kitabu chenye jalada lililoraruka, akafunua akitafuta ukurasa, na nikaona karatasi inatetemeka. Akatusimulia kilichomo. Agosti 1851, Krapf alifuatana na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu wa Ukambani, kuelekea mto Tana, mto huu huu unaotunywesha. Karibu na mto wakavamiwa. Watu wengi wa msafara wakatawanyika, Kivoi akauawa. Krapf akabaki peke yake porini, kiu ikimwua, akaufikia mto akanywa. Hakuwa na kibuyu. Akajaza maji ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaziba midomo ya mitutu kwa nyasi. Vichaka vikazing'oa zile nyasi njiani, na maji mengine yakamwagika.

Ukumbi ulilipuka. Umau alisimama, mara ya kwanza kwa juma zima nikamwona anatabasamu. "Susu wenu hakupelekwa shule! Hajui a wala be! Na kitabu kiliandikwa na Mjerumani!"

Kaka alisubiri mpaka kelele zikaisha. Alikuwa anamtazama Susu kwa upendo, hilo nitaliapia.

"Susu, sina ubishi nawe. Ulisikia kwa nani?"

"Kwa umau wangu. Naye kwa babake, ambaye alikuwa mpagazi wa Kivoi, kijana mdogo."

"Midomo mitatu," Mwalimu alinong'ona. "Miaka zaidi ya 170."

"Na hilo la bunduki, Susu? Hilo nalo ulilisikia kwa umau wako?"

Susu alifungua mdomo, akaufunga. Hakumtazama Mwalimu, wala Umau, wala mchungaji. Aligeuza shingo yake polepole, akanitazama mimi.

SEHEMU YA PILI

Mchungaji aliahirisha kikao kwa maombi, watu wakatoka wakipigana mabega kwa furaha. Njia nzima mpaka nyumbani Susu hakunisemesha. Alinishika mkono tu tulipovuka korongo, na kiganja chake kilikuwa cha baridi.

Usiku, wote walipolala, nilichukua taa ya sola nikaingia stoo. Sanduku langu la bati la shule lilikuwa chini ya gunia la ndengu. Nilijua ninachotafuta, na niliomba nisikipate.

Nilikuwa darasa la saba tulipopewa kazi ya likizo: mhoji mzee wa kwenu juu ya mambo ya kale. Nilimhoji Susu. Niliandika kurasa tano kwa mwandiko wa duara niliojivunia sana siku zile, na mwalimu wa darasa akanipa alama 18 kwa 20. Daftari lilikuwa bado lipo, panya wamelila pembeni. Nikalifunua magotini.

Yote yalikuwamo. Msafara kutoka Kitui. Pembe. Kivoi na wake zake na watumwa wake. Mzungu aliyekataa kununua chochote, jambo lililowashangaza wapagazi kuliko rangi yake. Shambulio karibu na mto. Watu kutawanyika. Mzungu kurudi peke yake baada ya kudhaniwa amekufa, na jamaa za Kivoi kutaka kumwua kwa sababu alirudi hai huku rafiki yake amelala porini. Nilisoma mara mbili. Nikasoma mara ya tatu, kidole kikifuata kila mstari kama mtoto anayejifunza.

Hapakuwa na bunduki. Hapakuwa na maji.

Nilizima taa nikakaa gizani, na kumbukumbu ikaja yenyewe. Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu, yeye huyu mwamuzi wetu, alikuwa ameniazima kitabu cha Krapf nikisome likizoni, kwa sababu nilikuwa namsumbua kwa maswali. Nilikisoma chini ya mwembe, Susu akipembua mbaazi kando yangu, nami nikawa namtafsiria kwa Kikamba kila nilipofika pazuri. Nilipofika kwenye mitutu iliyojazwa maji na kuzibwa nyasi, Susu aliuweka ungo chini. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Jioni ile akamsimulia jirani, na mwaka uliofuata nikamsikia akiwasimulia watoto wa kitongoji, bunduki imeshaingia katikati ya habari ya mababu, imekaa vizuri kama jiwe la tatu la jiko.

Yule aliyemwambia Susu ni mimi.

Niliona ukumbi wote mbele yangu. Niliona tabasamu la Umau. Nilifikiria kulichoma lile daftari. Najua nilichofikiria, na sitaki kukificha: kiberiti kilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Bila daftari hakuna ambaye angejua, Umau angeshinda, kaka angerudi mezani, na wale watoto wangekwenda nyumbani wakiamini kwamba mdomo wa mama hauongopi. Nilijiuliza pia swali ambalo sikuwahi kujiuliza miaka yote ya shule ya Jumapili. Mtu wa kwanza aliyeshika kalamu kumwandika Yesu, naye akiwa anawapenda wale waliomsimulia, alifanya nini alipokuwa peke yake usiku na taa yake?

Nikawasha tena taa nigeuze ukurasa wa mwisho. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja niliokuwa nimesahau kwamba upo. Ulikuwa umefutwa kwa kalamu, mara nyingi, kwa nguvu, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Niliukumbuka mkono wa Susu ukishuka juu ya mkono wangu miaka ile, na sauti yake: hilo usiandike. Nikauinamisha ukurasa kwenye mwanga. Kati ya mikwaruzo ya wino nikaweza kusoma neno moja tu.

Kivuko.

"Mjukuu wangu."

Niligeuka. Susu alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, bila viatu, shuka begani. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi.

"Mstari ule wa mwisho," alisema. "Unasomeka?"

SEHEMU YA TATU

Sikumjibu Susu kwa kweli yote. Nilisema neno moja ndilo linalosomeka, bila kulitaja. Alitikisa kichwa, akarudi kulala, na asubuhi akachota maji na kupika uji kana kwamba hatukuonana.

Jumatano nilikwenda kwa Mwalimu na daftari ndani ya mfuko wa unga. Nilimkuta akifunga mbuzi. Alisoma kurasa zote tano akiwa amesimama palepale, kamba mkononi, mbuzi akimvuta. Nilipomaliza kumweleza habari ya mwembe na mbaazi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Basi mimi pia nimo," alisema. "Kitabu kilitoka kwangu."

Nililia. Nilimwambia nimeharibu ushahidi wa Susu, nimeharibu kila kitu. Aliniacha nimalize. Halafu akanieleza habari ya Yosefo, Myahudi aliyeandika historia ya watu wake kwa Kigiriki akiwa Roma, karibu mwaka 93. Katika kitabu hicho pana mahali Yesu anatajwa kwa maneno ambayo Myahudi asiyemwamini hawezi kuyatamka, hata kumwita Masihi waziwazi. Wanakili Wakristo waliyaingiza, karne zilizofuata.

"Unadhani walikuwa adui zake Yesu?" aliniuliza. "Walimpenda. Waliona pengo wakalijaza, kama wewe na Susu mlivyoipenda ile bunduki. Sasa sikiliza wanahistoria wanafanyaje. Hawalichomi kundi zima kwa sababu ya kondoo mmoja wa wizi. Wengi wao wanatoa kile kilichoingizwa, kisha wanatazama chini yake kumebaki nini. Na kwa Yosefo kinabaki kitu. Tena mahali pengine anamtaja Yakobo, nduguye Yesu, aliyeuawa kwa kupigwa mawe, kwa maneno makavu kabisa ambayo mpenzi asingetosheka nayo." Aligonga daftari kwa kidole. "Hiki hapa ni kile kinachobaki. Umekiandika kabla hujafungua kitabu changu. Ndiyo sababu ukikichoma nitakulaumu mpaka kaburini."

Kwa hiyo Jumamosi nilisimama. Nilisoma daftari lote kwa sauti, kisha nikaeleza habari ya bunduki, kisha nikaketi kwa sababu magoti yalikataa. Ukumbi ulinyamaza namna ya kuumiza. Umau alikuwa ametazama sakafu. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Mtoto amemvua Susu wake nguo mbele za watu," na sikuwa na la kumjibu.

Kaka alikuja mbele. Nilidhani atasherehekea. Aliomba daftari, akalisoma kimya, akamgeukia Mwalimu.

"Hiki ni kizuri kuliko bunduki," alisema. "Jamaa za Kivoi kumlaumu Mzungu kwa kurudi hai: Krapf analo?"

"Analo. Aliponea chupuchupu, akatoroka Ukambani usiku, akafika kituoni kwake Rabai Septemba."

"Na Susu alilisema kabla ya kusomewa?"

"Miaka mitatu kabla."

"Basi midomo mitatu ilibeba. Nimekubali." Akavuta pumzi. "Lakini tusiruke korongo ambalo hatujalipima. Hii inanionyesha kwamba Kivoi aliuawa karibu na Tana na watu wake walihuzunika kwa hasira. Hainiambii lolote la Nazareti. Na inanionyesha jambo jingine: ndani ya miaka michache, mbele ya macho yetu, habari iliongezewa kitu, na kilichoongezwa ndicho tulichokipigia makofi."

Hiyo ilikuwa kweli, na ilichoma. Umau ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa hasira. Tangu utoto wangu sijamsikia akizungumza vile, kama mtu anayetembea ndani ya maji asiyojua kina chake.

"Nimesikia. Habari huongezwa utukufu. Sasa mbona hawa wa Injili wamebakiza aibu? Petro ndiye mkubwa wao, na wanasema alimkana Bwana mbele ya kijakazi. Wanasema wanafunzi wote walikimbia. Wanasema wa kwanza kulifikia kaburi ni wanawake, katika nchi ambayo neno la mwanamke halikupewa uzito. Na msalaba wenyewe ni kifo cha mtumwa. Ningekuwa natunga habari ya kuvuta watu, ningeanza na mfalme aliyesulubiwa?"

Kaka alikaa kimya muda mrefu. "Umau," alisema mwishowe, "hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote nilizosikia humu. Nilichosema Jumapili ile, nakirudisha. Aliishi. Alisulubiwa. Mizani inanilazimu."

Watu walianza kuinuka kushangilia. Mwalimu akainua mkono.

"Ngojeni. Mizani yangu inafika msalabani, na hapo mkono wake unasimama. Kwamba wanafunzi walisadiki wamemwona akiwa hai, Paulo anashuhudia mapema sana. Lakini kaburi lenyewe siwezi kuliweka kwenye mizani. Anayewaambia historia imelithibitisha anawadanganya, na anayewaambia historia imelikanusha anawadanganya vilevile. Mlango ule kila mtu anaupita kwa mguu wake."

Nilimwona Umau akimeza mate. Neno lile lilimwumiza, kwa sababu alitaka yote, na nilitamani kumpa yote. Lakini aliinama akafunga Biblia yake kwa ule mpira wa baiskeli, na alipopita kwenye benchi la kaka akamwekea mkono begani na kuuacha hapo. Miaka mingi nimeandika kumbukumbu za vikao. Sijawahi kuandika kitu kwa shida kama mstari huo.

Ingekuwa heri tungeishia hapo.

"Mnasema aibu ni alama ya ukweli," Susu alisema.

Alikuwa amesimama peke yake, ameshika mgongo wa benchi kwa mikono miwili. Mwalimu aliitikia kwa heshima.

"Basi na mimi nina yangu. Yule mpagazi, baba ya umau wangu, tunayemsifu kila arusi kwamba alisimama na Kivoi mpaka mwisho." Alipumzika. "Hakusimama. Alikimbia. Umau wangu aliniambia siku anakufa, na akaniapisha."

Umau aliganda. Zaidi ya miaka 60 ya ndoa, na sifa ile aliisimulia yeye mwenyewe kwenye arusi za binti zake.

Lakini mimi sikumtazama Umau. Nilimtazama kaka, kwa sababu alikuwa amechukua daftari langu na kusogea dirishani. Aliugeuza ukurasa wa mwisho upande wa nyuma, ambako kalamu yangu ya utotoni ilikandamiza karatasi, akauinua kwenye jua la saa tisa, na midomo yake ikawa inacheza, akisoma herufi kinyumenyume, moja baada ya nyingine. Kilichoandikwa pale hakikuwa habari ya kukimbia. Neno kukimbia lina herufi nyingi kuliko zile zilizotangulia kivuko.

Uso wake ulibadilika. Alishusha daftari, akamwendea Susu mpaka wakawa hatua moja, akamwuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini sana, lakini ukumbi ulikuwa umetulia kiasi kwamba hata wa dirishani walisikia.

"Susu. Siku mbili kabla Kivoi hajauawa, nani alimtuma mpagazi wetu kivukoni, na alirudi amebeba nini?"

Fimbo ya Umau ilianguka sakafuni. Susu akafumba macho, na mkono wake wa kulia ukaanza kupapasa shingoni, chini ya kanga, kwenye ule mshipi wa ngozi ambao tangu nizaliwe sijawahi kuona unaning'iniza nini.

ITAENDELEA WIKI IJAYO